Mwiba Uko Wapi?



Juma lililopita, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa kwenye njia ya vumbi nje ya mji wa Shinyanga. Mbele yangu alikuwa binti wa sare ya sekondari anakokota baiskeli. Tairi la nyuma limelala kabisa, na yeye anatembea kwa hatua za mtu aliyekwisha kubali kuchelewa. Nikasimama.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kulikoni?"

"Pancha."

Pampu alikuwa nayo, kaifunga kwenye fremu kwa kamba ya mpira. Nikamuuliza kama anajua kuziba. Akatikisa kichwa. "Anayeziba ni kaka." Na kaka yuko wapi? "Yuko Kahama, ameenda kutafuta kazi."

Tukaigeuza baiskeli, siti na usukani chini, magurudumu juu. Nikamwambia ajaze upepo. Alipojaza, nikalowesha kidole kwa mate, nikapaka kwenye mdomo wa valvu. Mate yakafanya povu hapohapo. Tukafungua nati, tukaichomoa valvu. Kile kipira chembamba kinachovikwa kwenye sindano ya valvu kilikuwa kimepasuka kwa urefu, kimekauka kama ganda la karanga. Mfukoni mwa begi huwa natembea na kipande chake. Nikakata urefu wa pingili moja ya kidole, nikakilowesha, nikakivika, tukafunga, akajaza upepo upya. Tairi likasimama. Hazikupita dakika tano.

Binti yule alikuwa amekokota baiskeli zaidi ya kilomita mbili. Tyubu yake haikuwa hata na tundu. Kilichokuwa kimeharibika ni kipande cha mpira ambacho fundi yeyote atakukatia kwa fedha ndogo kabisa, na ambacho mtu yeyote aliyeonyeshwa mara moja anaweza kukibadilisha amesimama njiani. Tangu siku ile jambo hili halijanitoka moyoni, na ndilo nililokuja nalo leo.

Huku kwetu baiskeli hatupandi kwa mazoezi. Inabeba ndoo za maji, magunia ya mkaa, madumu ya maziwa, mahindi ya kwenda mashineni, mgonjwa wa kwenda zahanati. Inabeba watoto wa shule. Tairi likilala, vyote hivyo vinasimama. Na bado katika nyumba nyingi utakuta baiskeli inaendeshwa na watu watano na anayejua kuiziba ni mmoja, na huyo mmoja mara nyingi ni kijana wa kiume ambaye hayupo.

Mimi nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa na kibanda chini ya mwarobaini, pembeni mwa soko la kijiji chetu. Nilikuwa darasa la sita. Jumatatu baiskeli ya baba ililala, nikaiziba mwenyewe kwa kukumbuka nilivyoona wenzangu wakifanya. Jumanne ikalala. Nikaziba. Jumatano ikalala tena, nikaziba tena. Alhamisi nikaikokota hadi kwa mzee, nikiwa na hakika kwamba solusheni yangu, ile gundi ya viraka, ndiyo mbovu.

Mzee hakugusa solusheni wala msasa. Aliichomoa tyubu, akaitazama. Viraka vyangu vitatu vilikuwa vimepangana upande mmoja, vimekaribiana kiasi cha kufunikwa na kiganja. Akaniuliza, "Mwiba uko wapi?"

Nikasema sijaona mwiba wowote.

"Basi unaziba nini, mwanangu?"

Akachukua kitambaa kikuukuu, akakipitisha taratibu ndani ya tairi, akizunguka nalo. Mahali fulani kitambaa kikakwama. Akalikunja tairi pale kwa vidole gumba viwili, likajifungua kama mdomo, akanionyesha. Ilikuwa ncha ya mbigili, nyeusi, ndogo kuliko punje ya mtama. Kwa nje ilikuwa imekatika usawa wa mpira, huioni. Kwa ndani ilikuwa imechomoza kiasi cha kukwaruza. Akaing'oa kwa plaizi, akaniwekea kiganjani. Siku tatu nilikuwa nimemlisha mwiba ule tyubu ya baba.

Mbigili mnaijua. Ni ule mmea unaotambaa chini, wenye maua madogo ya njano, unaopenda pembeni mwa njia na kwenye viwanja vilivyokanyagwa. Tunda lake likikauka hupasuka vipande, na kila kipande kina miiba migumu. Ukikiangusha chini, jinsi kilivyoumbwa, mwiba mmoja utaangalia juu. Peku unaumia, kwa ndala inapenya, na kwa tairi lililolika ni kama sindano kwenye kitambaa. Kisha kuna miiba ya migunga, ile mirefu myeupe. Huku kwetu mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulisaidia wafugaji kurudisha ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayohifadhiwa, na migunga ikaota tena mahali palipokuwa peupe. Ninafurahi kuiona. Lakini matawi yake ndiyo tunayofungia mazizi, na tukiyaburuta njiani yanaacha miiba nyuma yake. Kama unaburuta matawi, ukimaliza rudi na fagio. Wanaopita hapo alfajiri ni watoto wa jirani yako.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe, tuanze nyumbani.

Kwanza, usikimbilie kufungua tairi. Jaza upepo, pima valvu kwa mate kama nilivyosema. Halafu zungusha gurudumu polepole, ukitazama na kupapasa kwa nje. Ukiona mwiba, usiung'oe bado. Weka alama kwa chaki au mkaa. Ukiung'oa kwa haraka umejipotezea ramani.

Pili, kwa baiskeli zetu hizi nzito, Phoenix na ndugu zake, gurudumu la nyuma halina haja ya kutoka kwa ajili ya pancha ya kawaida. Ukilitoa utapambana na keria, stendi, madigadi, cheni na kifuniko chake, na kurudisha kila kitu mahali pake ni kazi nyingine. Watazame mafundi: wanafungua upande mmoja tu wa tairi, wanaivuta tyubu nje kama utumbo, wanaziba gurudumu likiwa mahali pake.

Kufungua tairi kunataka akili kuliko nguvu. Toa upepo wote, legeza nati ya valvu. Ringi ina mfereji katikati. Bana tairi kwa mikono miwili pande zote ili ukingo wake, ule wenye waya, uangukie kwenye mfereji huo. Hapo tairi linapata ulegevu upande wa pili. Chukua mpini wa kijiko kigumu, ingiza chini ya ukingo, inua. Ingiza cha pili umbali wa shubiri moja, inua. Baada ya hapo unamaliza kwa mkono. Nasema kijiko, tena kwa mkazo, kwa sababu nimeona bisibisi zikitumika nyumba baada ya nyumba. Bisibisi inafungua tairi na kutoboa tyubu kwa tendo lilelile, na mwenye baiskeli anadhani pancha zilikuwa mbili tangu mwanzo.

Ukishavuta tyubu, kumbuka ilikaaje: sehemu gani ilitazama nje na sehemu gani ililalia ringi. Ijaze upepo hadi inenepe kiasi, izamishe kwenye beseni la maji kipande kwa kipande. Mapovu yatakuonyesha. Na hapa soma kabla ya kuziba, kwa sababu tundu lina habari ndani yake. Tundu moja upande wa nje ni mwiba, msumari au kipande cha chupa. Matundu mawili yaliyoelekeana kama jozi ya macho ni kwamba tyubu imebanwa kati ya jiwe na ringi: ulikuwa unaendesha na upepo mdogo, labda na mtu nyuma kwenye keria. Tundu la upande wa ndani ni ncha ya spoku iliyochomoza, au ule utepe unaofunika spoku umehama au umeoza. Na mpasuko kwenye shina la valvu, pale chuma kinapoingia kwenye mpira, huo kiraka hakitausaidia. Nunua tyubu. Mpasuko huo hutokana mara nyingi na kuendesha tairi likiwa limelegea: tairi linateleza kwenye ringi, linaivuta tyubu, valvu imefungwa haiwezi kwenda, basi inachanika.

Kiraka chenyewe, wengi wetu tunakata kutoka tyubu kuukuu, na ni kizuri kabisa kikitengenezwa vizuri. Kikate mviringo. Chenye kona huanza kubanduka konani. Sugua tyubu kwa msasa hadi mng'ao uishe, sehemu kubwa kuliko kiraka, sugua na kiraka pia. Futa vumbi. Usifute kwa mafuta ya taa, kwa sababu yanaacha utando wa mafuta na gundi haitashika. Paka solusheni nyembamba kwenye tyubu na kwenye kiraka.

Kisha subiri.

Msikilizaji, viraka vingi vinavyobanduka vinabanduka kwa sababu ya kukosa subira hapa. Mtu anapaka solusheni, inang'aa mbichi, anabandika papo hapo, anapuliza, anaona inaserereka, anaongeza nyingine. Solusheni ina dawa ya maji inayotakiwa kuruka kwanza hewani. Kinachotakiwa kubaki ni kile kinachonata. Ngoja dakika tano au zaidi kidogo, hadi mng'ao wa unyevu uondoke na ukigusa pembeni kwa kidole inanata bila kuchafua. Hapo bandika, mara moja tu, bila kubandua. Gandamiza kuanzia katikati kwenda kingoni, pigapiga na mpini wa kisu juu ya ubao. Nyunyiza unga kidogo au majivu kuzunguka kiraka ili gundi iliyobaki isishike tairi. Na ile gundi ya haraka inayogandisha vidole, hiyo iweke mbali. Inakauka ngumu kama kioo, tyubu inavutika, yenyewe haivutiki, inapasuka.

Kabla ya kurudisha tyubu, rudi kwenye swali la mzee. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, duara nzima, hata kama umekwisha kupata mwiba mmoja. Mbigili mara nyingi huwa zaidi ya mmoja. Kitambaa kwanza, kidole baadaye. Nimechanika kidole kwa kipande cha chupa kwa kuruka hatua hiyo.

Kurudisha: ipe tyubu upepo kidogo sana ijiviringe, iingize bila kuipinda, rudisha ukingo wa tairi kwa viganja, ukianzia upande wa mbali na valvu na kumalizia kwenye valvu. Pale mwisho panapogoma, usirudie kijiko, maana kitaibana tyubu na kuing'ata. Kalibane tena lile tairi upande wa pili liangukie kwenye mfereji, utaona linalegea. Isukume valvu ndani kidogo kisha ivute, tyubu isibanwe chini ya waya. Jaza nusu, tazama pande zote mbili kama mstari wa tairi umekaa sawa na ringi, ndipo ujaze kabisa. Kipimo cha watu wasio na geji ni dole gumba: ukibonyeza kwa nguvu liingie kidogo tu. Ukibeba mzigo, lisiingie.

Huenda unaona ni kazi ndefu. Sikiliza ilikotoka. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyeishi Belfast, alisajili hataza ya tairi la upepo, alilokuwa amelitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Lilikuwa laini, lilikuwa jepesi kwenda, lakini lilikuwa limegandishwa kwenye ringi. Baadaye mwendesha baiskeli mmoja alifika na pancha kwenye kiwanda cha ndugu Michelin kule Clermont-Ferrand, Ufaransa. Kulibandua tairi na kuliziba kulichukua saa tatu, halafu likaachwa usiku kucha likauke. Asubuhi Édouard Michelin akalijaribu, hakufika mbali, likalala. Hapo ndipo alipoamua kutengeneza tairi linalofunguka. Mwaka 1891 akapata hataza yake, na mwaka uleule Charles Terront akashinda mbio za Paris hadi Brest na kurudi, kama kilomita 1,200, akiwa juu ya matairi hayo. Unapolifungua tairi leo kwa kijiko cha jikoni, kumbuka usiku ule wa Clermont-Ferrand.

Na mpira wa matairi ya miaka ile, sehemu yake ilitoka kwa jirani zetu, Kongo. Ile nchi aliyoimiliki mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908 ililazimisha watu kuingia msituni kugema mpira wa mimea inayotambaa mitini. Kijiji kisichotimiza kiwango, wake zao waliwekwa rehani, watu waliuawa, mikono ilikatwa. Kadiri baiskeli na magari yalivyoongezeka Ulaya, ndivyo mpira ulivyozidi kutakiwa. Watu wa bara hili waliulipia mpira kwa miili yao, na mimi nikikumbuka hivyo siwezi kuona tyubu yenye tundu moja ikitupwa jalalani.

Sasa njiani, ambako hakuna beseni wala mwarobaini.

Ukisikia gurudumu linagonga na usukani unakuwa mzito, shuka. Usijiambie nimebakiza kidogo. Mita mia mbili juu ya tairi lililolala zinaweza kukata tyubu na kuharibu ukingo wa tairi, na ulichokuwa utazibe kwa kiraka kimoja sasa kinakutaka ununue vyote. Sogea pembeni, mbali na magari. Nimeona watu wakiziba pancha katikati ya barabara ya lami, migongo kwa malori, na moyo wangu ulisimama.

Usipokuwa na maji ya kuizamisha tyubu, litafute tundu kwa uso. Jaza upepo, sogeza tyubu karibu na shavu au midomo iliyolowa, zungusha taratibu. Ngozi ya pale inahisi pumzi ndogo kuliko sikio linavyosikia. Ukiwa na mashaka, paka mate. Ukiwa na solusheni na kiraka, fanya kama nyumbani, ukiwa kivulini.

Kama huna solusheni, kuna njia ya dharura. Kusanya sehemu yenye tundu, ikunje, ifunge kwa utepe wa mpira kwa kuukaza mara nyingi hadi hewa isipite. Rudisha tyubu, jaza upepo wa wastani, uende polepole. Kutakuwa na uvimbe, gurudumu litaruka kidogo kila duara, lakini utafika. Kama tyubu imechanika kabisa, itoe, ulijaze tairi majani. Yasiwe machache: yashindilie kwa ngumi hadi yakatae, ndipo urudishe ukingo. Bila mzigo utasogea nalo hadi kijiji kinachofuata. Na tairi lenyewe likiwa limechanika ubavuni, weka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, kati ya tundu na tyubu, la sivyo tyubu itatoka nje kama puto na kupasuka.

Nikipita mahali nikaona mtu amegeuza baiskeli, nasimama. Nilikuzwa hivyo, na wengi mlikuzwa hivyo. Pampu ya njiani si ya mtu mmoja. Mwombe mpita njia bila aibu, na ukiombwa, shuka umsaidie hadi tairi lisimame, usimwachie tu pampu na kusema utanikuta mbele.

Kwa safari za kila siku, mfuko mdogo chini ya siti unatosha: vijiko viwili, solusheni yenye kifuniko kinachofunga vizuri, kipande cha msasa, viraka vitatu vilivyokwisha kukatwa, kipira cha valvu, spana ya nati zako, kitambaa. Solusheni ikishafunguliwa hukauka ndani ya kichupa hata usipoitumia. Ikague kila mwezi.

Wazazi wenzangu, Jumamosi hii itoeni baiskeli uani. Mwite mtoto anayeiendesha kwenda shule, na kama ni binti, mwite yeye kwanza. Toa upepo kwenye tairi zima, lisilo na tundu. Mpe kijiko, mpe beseni, mwache alifungue, aivute tyubu, aizamishe, aikaushe, airudishe. Akikwama mwelekeze kwa mdomo, usimpokonye kazi mkononi. Jumamosi ijayo arudie. Ya tatu, mpe tyubu kuukuu aitoboe kwa msumari, aizibe, na aniambie mimi kama haikushika.

Yule binti wa njiani yuko kidato cha pili. Tulipoagana nilimpa kile kipande cha kipira kilichobaki, akakifunga kwenye ncha ya leso. Bado ana miaka miwili ya kwenda na kurudi kwenye njia ileile.